Una hela ya lenzi moja tu: ya upana au ya mbali? Ulinganisho kwa anayepiga picha za mandhari Tanga

Mpwa wangu wa Muheza alinipigia simu wiki iliyopita baada ya Isha. Amejibana tangu mwaka jana, sasa ana hela ya lenzi moja na hataki kukosea. "Mjomba, nichukue ile 10-18 au 55-250? Maana fundi wa hapa ananiambia niziache zote mbili nichukue 50." Namba hizo ni milimita za lenzi: ndogo zinaona upana, kubwa zinaona kipande cha mbali. Kamera yake ni Canon ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachoshika picha), ile familia ya APS-C, na ana lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Anachopenda ni milima, misitu ya Amani na pwani. Picha za harusi hapigi.

Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu salio lilikuwa linakata, lakini swali lake ndilo ninaloulizwa na vijana wengi hapa mjini. Kwa hiyo nalijibu tena, safari hii kwa nafasi.

Kama tayari unayo 18-55, anza na 55-250, ile yenye herufi IS STM (IS ni kituliza mtikisiko wa mkono, STM ni aina ya mota ya fokasi). Kama wewe ni mtu wa ufukweni, asubuhi na jioni uko Raskazone au Pangani, anza na 10-18. Hiyo 50 ni lenzi nzuri sana, ila kwa kazi hii isubiri.

Hizi ndizo tano ambazo watu wa kipato chetu huzipigia hesabu:

| Lenzi | Mwaka ilipotoka | Uzito | Umbali wa karibu zaidi | Kituliza mtikisiko | Filta |
|---|---|---|---|---|---|
| EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM | 2014 | g 240 | sm 22 | Ndiyo | mm 67 |
| EF-S 24mm f/2.8 STM | 2014 | g 125 | sm 16 | Hapana | mm 52 |
| EF 50mm f/1.8 STM | 2015 | g 160 | sm 35 | Hapana | mm 49 |
| EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM | 2013 | g 375 | sm 85 | Ndiyo | mm 58 |
| EF 75-300mm f/4-5.6 III | 1999 | g 480 | sm 150 | Hapana | mm 58 |

Zilipotoka, bei zake Marekani zilikuwa takriban dola 300 kwa 10-18, dola 350 kwa 55-250, dola 150 kwa 24 na dola 125 kwa 50. Leo wengi wetu tunazipata za mtumba, na bei inategemea hali ya lenzi na uvumilivu wako wa kupatana.

Irente: nilipoelewa kazi ya lenzi ndefu

Mwaka nilionunua lenzi ya upana nilipanda nayo Lushoto hadi Irente, nikiwa na uhakika nitarudi na picha ya kukumbukwa. Pale unasimama juu ya jabali, chini yako ardhi inaporomoka hadi Mazinde, mashamba ya mkonge yamelala kwa mistari, na mbele yake nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Nilipiga kwa milimita 10. Nilipofungua picha kwenye kompyuta nikakuta theluthi ya chini ni mwamba niliosimamia, juu ni anga tupu, na ile nyika iliyonifanya ninyamaze imekuwa utepe mwembamba katikati.

Lenzi haikuwa na kosa. Milimita 10 kwenye sensa hii inaona pembe ya nyuzi 96 hivi kutoka kushoto hadi kulia. Ikishakusanya yote hayo, lazima iyapunguze ili yaenee kwenye picha moja, na kilicho mbali ndicho kinachoumia zaidi.

Safari ya pili nilibeba 55-250 na nikafika mapema. Irente inatazama upande wa machweo, kwa hiyo asubuhi jua linachomoza nyuma yako, na kivuli cha mlima wenyewe kinalala juu ya tambarare. Kisha kinaanza kujivuta kurudi mlimani, taratibu, kama maji yanayokupwa. Kwenye milimita 200 nilichukua kipande kimoja tu: ukingo wa kile kivuli, mistari ya mkonge nusu gizani nusu kwenye mwanga, na moshi wa jiko moja ukipanda wima kwa sababu upepo ulikuwa haujaamka. Picha hiyo iko ukutani sebuleni kwa mama hadi leo.

Watu husema lenzi ndefu "inavuta" milima. Inachofanya ni kukata kipande kidogo cha kile unachokiona. Kwenye milimita 250 unabaki na nyuzi 5 tu. Kwa kuwa wewe umesimama mbali, safu ya mbele na ya nyuma zinaonekana zimebebana, moja ya bluu nzito, nyingine ya bluu iliyofifia, nyingine karibu kuyeyuka. Usambara imejaa mandhari ya namna hiyo, na kwa lenzi ya upana zinapotea.

Ina udhaifu wake. Kila vumbi na joto lililo kati yako na mlima, lenzi ndefu inalichukua lote. Mchana wa kiangazi, hata ukiwa na lenzi ya bei ya gari, picha itatoka imepauka na imetetemeka. Nenda alfajiri, au nenda siku inayofuata mvua ya vuli, hewa ikiwa imeoshwa.

Upana unaungika, umbali hauungiki

Hii ndiyo sababu kubwa ya kumwambia mpwa wangu aanze na ndefu. Akiwa na 18-55 yake, siku akitaka upana anaweza kuutengeneza. Anaweka kamera wima, lenzi kwenye milimita 18, anapiga picha tano au sita akigeuka kidogo kidogo, kila moja ikiingiliana na iliyotangulia kwa theluthi moja. Mwanga aufunge kwa mkono kwenye M, fokasi nayo aifunge, na rangi asiiache kwenye "auto", maana picha moja itatoka ya manjano na jirani yake ya bluu. Programu ya Hugin ni ya bure na inaziunga vizuri sana.

Sasa jaribu kinyume chake. Piga kwa milimita 55, kisha kata katikati mpaka upate kile ambacho 250 ingekupa. Kwenye kamera ya megapikseli 24 unabaki na megapikseli 1 na kidogo. Hiyo ni picha ya kutuma WhatsApp, ukutani haiendi. Ndiyo maana nasema hela ya kwanza iende kwenye kile ambacho hakina njia ya mkato.

Pwani hesabu inageuka

Bamvua likifika hapa Tanga, bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakikupwa, unaachiwa mchanga wenye mikunjo, vidimbwi vinavyoshika rangi ya mawingu, na mizizi ya mikoko iliyosimama kama vidole. Hapa 10-18 ndiyo bibi harusi.

Wengi wanainunua wakidhani kazi yake ni kuingiza vitu vingi. Mimi naiona kazi yake ni kukuruhusu ukaribie. Unapiga goti kwenye tope, unaisogeza hadi mzizi wa mkoko ukaribie kugusa kioo, na bado nyuma yake unapata kidimbwi, ngalawa iliyoegama na Kisiwa cha Toten kwa mbali. Mzizi unakuwa mkubwa, kisiwa kinakuwa kidogo, na mtazamaji anajisikia yuko pale, miguu imelowa. Kwa 18-55 unapata nyuzi 64 hivi pale mwanzo wake, na ukikaribia kiasi hicho kitu cha nyuma kinakatika.

Na kule kuunga picha nilikokusifia juu, baharini kunagoma. Wimbi la picha ya kwanza halipo kwenye ya pili, na jahazi linalotembea linaweza kutokea mara mbili au kukatwa tanga. Wingu la upepo wa kusi nalo halikusubiri. Kwa hiyo anayeishi na maji kupwa na kujaa, simlazimishi 55-250. Achukue ya upana kwa moyo mmoja.

Angalizo moja: 10-18 ni ya f/4.5 pale inapofunguka zaidi, yaani tundu lake la mwanga si kubwa (namba ya f ikipanda, tundu linapungua). Kama ndoto yako ni nyota za usiku juu ya bahari ya Ushongo, itafanya kazi kwa shida.

Amani: mwanga mdogo, viumbe vidogo

Hifadhi ya Amani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1997, iko upande wa Muheza, na bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ukiingia chini ya miti ile, saa sita mchana inageuka kuwa kama saa kumi na mbili jioni. Ndipo herufi IS zinapolipa gharama yake.

Kanuni ya mkononi inasema: zidisha milimita za lenzi kwa 1.6 kwenye Canon za sensa ndogo, na kasi ya shata isishuke chini ya hapo. Milimita 250 zinadai 1/400 ya sekunde. Msituni huipati bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, mpaka picha ijae chenga. Kituliza mtikisiko cha 55-250 kimetajwa na watengenezaji kuwa kinaokoa hatua tatu na nusu (kila hatua ni kupunguza kasi kwa nusu), kwa hiyo ukiegemea mti na kubana pumzi unaweza kushuka hadi 1/50 hivi na picha ikatoka safi. Kumbuka tu kwamba kinatuliza mkono wako. Mbega anayeruka tawi hadi tawi hakimsimamishi.

Kinyonga hana haraka, na Usambara ndiko kwao kwa aina kadhaa zisizo za kawaida, akiwemo yule ambaye dume lake lina pembe tatu. Kwenye sentimita 85 na milimita 250, picha yako inajaa kitu chenye upana wa sentimita 8 hivi. Kichwa cha kinyonga, pembe zote, jicho lile linalozunguka peke yake, na wewe uko umbali ambao hajakasirika wala kubadilika rangi.

Halafu kuna ua ambalo kila mpiga picha wa mkoa huu anapaswa kulitafuta. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, alilikuta porini na kupeleka mbegu kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kisayansi kwa jina la Saintpaulia. Sasa liko madirishani dunia nzima, watu wanalimwagilia bila kujua limetoka Usambara. Kwao lenyewe linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, majani yana manyoya kama ya kitambaa cha mahameli, maua ya zambarau si makubwa kuliko kifuniko cha soda, na katikati vidoti viwili vya manjano.

Nilipolikuta nilikuwa na lenzi mbili begini, na nilizijaribu zote. Kwa 55-250 nilipata ua lenyewe limejaa, nyuma yake kijani kilichoyeyuka. Nzuri, lakini ingeweza kupigwa kwenye chungu popote duniani. Nikaweka 24. Ile inakaribia hadi sentimita 16, na hizo zinapimwa kutoka kwenye sensa, kwa hiyo kioo chenyewe kinakuwa kama kiganja kimoja tu kutoka kwenye ua. Ua likabaki kubwa, na nyuma yake ukaonekana mwamba uliolowa, mizizi, na msitu unapopanda. Hiyo ndiyo picha ya ua la Usambara likiwa Usambara. Tafadhali ukilikuta usiling'oe wala usifyeke kilicho mbele yake. Badilisha lenzi au badilisha goti.

Basi 24 naipenda kwa dhati, na ni nyepesi kiasi kwamba unasahau iko mfukoni. Lakini upana wake tayari umo ndani ya 18-55 ya mpwa wangu. Iwe ya tatu.

Kwa nini si 50 kwanza

Fundi wa mpwa wangu hakumdanganya. Kati ya f/5.6 na f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara 10, na kwa bei ile hakuna lenzi nyingine mpya ya Canon inayokupa hivyo. Picha za watu zinatoka laini, nyuma kumeyeyuka, bibi harusi anafurahi.

Ila mandhari huyapigi kwa f/1.8. Unafunga tundu hadi f/8 au f/11 ili jiwe la mbele na mlima wa nyuma vyote viwe wazi, kamera iko kwenye stendi, na hapo ule ukubwa wa tundu ulioulipia umefungwa. (Usipitilize hadi f/22 kwa tamaa ya uwazi, tundu likiwa dogo mno mwanga unatawanyika na picha nzima inalainika.) Pia milimita 50 kwenye sensa hii ni nyembamba kwa ufukwe na fupi kwa kinyonga.

Kama unapiga harusi na vipaimara kwa malipo, hapo nabadilisha kauli: nunua 50 leo, iache ikuzalishie hela ya zile nyingine.

Usivutwe na namba 300

75-300 mara nyingi ni rahisi kuliko 55-250, na muuzaji atakuambia "hii inafika mbali zaidi". Tofauti ya 250 na 300 ni ndogo kuliko inavyosikika. Unachopoteza ni kituliza mtikisiko, na umbali wa karibu unakuwa mita 1.5, yaani kinyonga lazima umpige ukiwa mbali zaidi. Hela ikiwa imepungua kabisa, tafuta 55-250 za zamani, ya 2007 au ile ya II ya 2011. Zina kituliza. Hazikaribii kama ya STM, na kioo cha mbele kinazunguka zinapotafuta fokasi, jambo linaloudhi ukiweka filta ya polaraiza.

Hiyo polaraiza nayo iingize kwenye hesabu. 18-55 za IS na 55-250 zote ni milimita 58: filta moja, lenzi mbili. Msituni inaondoa ule mng'ao mweupe juu ya majani mabichi, na kijani kinarudi. Ya 10-18 ni milimita 67, ghali zaidi, na kwenye upana wote anga inatoka na doa jeusi upande mmoja.

Wenye Nikon

Mpangilio ni uleule: AF-P DX 10-20 ya 2017 upande wa upana, AF-P DX 70-300 upande wa mbali. Kuweni makini na mawili. Hiyo 70-300 ipo yenye herufi VR (kituliza mtikisiko cha Nikon) na isiyo nazo, na kwa mbali zinafanana kama mapacha. Chukueni yenye VR. La pili ni zito zaidi: lenzi za AF-P hazifanyi kazi kwenye kamera za zamani kama D90, D3100 na D5100. Hata kwa mkono hazishiki fokasi. Jaribu kwenye kamera yako mwenyewe kabla ya kutoa shilingi.

Tochi mfukoni

Sisi ni watu wa pwani, na adui wa lenzi zetu ni fangasi. Niliwahi kununua lenzi ya zamani kwa picha za simu tu, muuzaji yuko mkoa mwingine. Ilipofika ilikuwa inang'aa nje. Usiku nikaimulika, nikaona nyuzi nyembamba nyeupe zimeanzia ukingoni mwa kioo cha ndani, zinatambaa kuelekea katikati kama utando wa buibui. Picha zake zilikuwa na ukungu kila nilipoelekea jua, na mafundi wawili walikataa kuifungua.

Tangu hapo sinunui bila tochi. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika kwa nyuma kwa kuinamisha, angalia kwa mbele. Chembe mbili tatu za vumbi zisikutishe. Nyuzi, au wingu lisilofutika, rudisha. Kisha ivishe kwenye kamera, zungusha zumu mwanzo hadi mwisho, piga ukuta mtupu, sikiliza kama fokasi inakwaruza.

Nyumbani usiiache kwenye begi la ngozi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vipakti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinatosha. Ukitoka ufukweni, pitisha kitambaa chenye maji baridi kidogo juu ya mwili wa lenzi, kisha kikavu. Chumvi ikilala hapo usiku mmoja, asubuhi pete zinaanza kukwama.

Mpwa wangu ameshampata mtu anayeuza 55-250 hapo Muheza. Tumekubaliana tuonane stendi Jumamosi saa tatu asubuhi: yeye aje na kamera na betri iliyojaa, mimi naleta tochi. Ikipita, tunapanda Amani siku hiyohiyo, kabla mawingu hayajashuka.